Sababu gani fonie inakatika-katika jioni?

Masisi na Walikale, kule rezo ya telefone haifike, fonie ndiyo inaita msaada. Lakini jioni sauti inaweza kupotea hata kama batri ni nzima. Sababu moja iko juu sana.

Kuanzia kilomita 60 hivi hadi karibu 1000 kuna ionosfera, hewa yenye kutiwa umeme na jua. Mawimbi ya fonie yanapanda, yanarudishwa na ionosfera, yanashuka ngambo ya milima. Jua likizama, sehemu ya chini inapoteza umeme mbio kuliko ya juu. Karibu na ikweta, mapovu makubwa yanapanda kutoka chini, sawa vile maji yanachemka kwa sufuria. Wimbi likiyakuta, linatawanyika. Inatokea zaidi Machi-Aprili na Septemba-Oktoba.

Mwaka 1938, wataalamu Booker na Wells walieleza jambo hilo: huko Huancayo, Peru, mawimbi yalitumwa juu na mwangwi wake ukapimwa. Leo wanapima pia namna signali za GPS zinatetemeka zikipita humo.

Kwa hiyo, usifungue mashini haraka. Mara nyingi mapovu yanapungua kiisha usiku wa manane: ita tena.