Bakuli za Mambrui

Birika la umeme la mamangu lilichemsha chai miezi minne tu. Nikalibeba hadi kwa fundi, hapa Malindi mjini. Akaligeuza, akatazama kitako, akanirudishia. "Hii ni Mchina, wacha tu. Haina hata skurubu ya kufungulia."

Neno hilo sote twalijua. Simu ikizima, viatu vikiachana na soli, twasema Mchina. Lakini panda matatu uende Mambrui, kaskazini mwa hapa. Kuna kaburi la kale la nguzo, lililopachikwa bakuli za kauri kwenye chokaa. Bakuli hizo zilitoka China, enzi za Ming. Zimepigwa na jua na upepo wa chumvi kwa karne kadhaa.

Huyo naye ni Mchina.

Biashara hiyo ilikuwa ya heshima. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme Yongle twiga. Mwaka 2010, wanaakiolojia waliochimba Mambrui walipata sarafu yenye jina la utawala wake. Kauri ilichomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,200, ikavuka bahari, ikauzwa ghali. Tajiri ndiye aliyeweza kuiweka kaburini. Wengine walikula kwa vyungu.

Ila tusijidanganye. James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka 1948, kauri nyingi alizopata zilikuwa vigae. Zilivunjika kama zetu. Za Mambrui zilidumu pia kwa sababu hakuna aliyezipakulia wali. Tukisema vitu vya zamani vilikuwa imara, tunahesabu vilivyobaki tu.

Sasa kimebadilika nini? Kwangu mimi, ni kutengenezeka. Chungu kikipasuka, mfinyanzi alikuwa jirani. Sufuria ya shaba ikichakaa, ilipelekwa kutiwa bati upya. Birika letu limegandishwa kwa gundi. Mtu fulani kiwandani aliamua lisifunguliwe, na mtu mwingine huku kwetu akaagiza la bei ya chini kabisa, kwa sababu alijua mfuko wetu. Kumlaumu Mchina peke yake ni kumsahau huyu wa pili, na sisi wa tatu.

Mama amerudia birika lake la bati, lililotiwa mkono mpya mara mbili. Lile la umeme liko juu ya kabati. Fundi wa kulifungua hajapatikana.