Kupuliza kioo nyumbani: niliyojifunza Mboghoni

Mwaka juzi bintiyangu alikanyaga chupa iliyovunjika ndani ya mfereji wa kunyweshea migomba yetu hapa Mboghoni, akashonwa nyuzi sita. Kesho yake niliingia mferejini na beleshi, nikatoa magunia manne ya chupa. Nikauliza sokoni Taveta nani atanunua. Wa vyuma akakataa, wa plastiki akacheka. Chupa ni nzito na bei yake haitoshi nauli.

Ndipo nikasema nitaziyeyusha mwenyewe. Stashahada yangu ni ya uhasibu, si ya moto. Lakini wasomaji wengi wameniuliza kazi hii inafanywaje, basi leo naieleza yote, pamoja na hasara zake.

Kwanza tujue kioo ni nini. Ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja. Mchanga peke yake wataka joto la nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi. Magadi ndiyo huushusha. Magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi, hapa hapa Kenya, huuzwa kwa viwanda vya vioo. Ila mtu wa nyumbani hana haja ya kuanza na mchanga. Chupa imekwisha kupikwa mara moja, na kwenye nyuzi kama 1,100 hulainika ikawa kama asali nzito.

Sisi watu wa pwani kioo tunakijua zamani, ingawa zaidi kwa kununua. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, chataja vitu vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizoletwa Rhapta. Shanga za kioo kutoka ng'ambo zimefukuliwa Shanga, Manda na Kilwa. Kupuliza kioo kwa bomba kulianza pande za Shamu na Palestina yapata miaka elfu mbili iliyopita.

Je, kazi hii ya viwanda yawezekana uani kwa mtu? Yawezekana. Mwaka 1962, huko Toledo, Marekani, mwalimu wa ufinyanzi Harvey Littleton alijenga tanuri dogo ili msanii apulize kioo bila kiwanda. Kioo chake cha kwanza hakikufaa. Dominick Labino, mtaalamu wa kioo, akampa gololi za kioo ziyeyushwe badala yake, na kazi ikaenda. Tangu hapo karakana za nyumbani zimeenea duniani.

Kwetu Kenya, Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha karakana ya vioo vya rangi Kitengela, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mwanawe, Anselm Croze, akaendeleza upande wa kupuliza. Malighafi yao ni vioo vikuukuu, na tanuri lao huwashwa kwa mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika. Kule Bida, Nigeria, mafundi wa Masaga hufanya kazi hiyo kwa tanuri la udongo.

Nikaanza na shimo. Nilichimba kufika gotini, nikalizungushia matofali ya kuhimili moto, nikakandika udongo wa kichuguu. Fundi mmoja wa chuma, mzee wa watu, aliniazima feni yake ya kupulizia makaa. Nilichagua makaa ya mathenge, maana mti huo umetuvamia na hakuna atakayelia ukikatwa. Bomba la kupulizia ni chuma chembamba chenye tundu, urefu wa mita moja na robo.

Siku ya tatu nilipata kikombe. Kilikuwa kimepinda, kijani, kizuri machoni mwangu. Nilikiweka juu ya meza, nikamwambia binti, "Hiki ni chako, utakinywea chai kesho." Usiku, kabla ya alfajiri, tukasikia "tak!" Mke wangu akasema, "Baba watoto, chai ya mtoto hiyo imemwagika." Tulikuta vipande vitatu.

Vikombe tisa vilivyofuata vilikwenda njia hiyo hiyo. Pesa za makaa zilikuwa za karo, na nyumbani maneno yakaanza kuwa mafupi. Nilikuwa nadhani ufundi uko kwenye pumzi. Kumbe uko kwenye kupoa. Kioo kikipoa haraka, nje hukaza mapema kuliko ndani, nao mvutano huo hukipasua, pengine saa nyingi baadaye. Dawa yake ni kukiingiza kikiwa moto katika tanuri la pili lenye nyuzi kama 500, kikae humo, kisha moto upunguzwe polepole mpaka asubuhi. Haraka haraka haina baraka, na hapa si msemo tu.

Kosa la pili lilikuwa kuchanganya chupa. Kila aina ya kioo hutanuka na kusinyaa kwa kipimo chake. Ili kujua kama chupa mbili zapatana, yeyusha vipande vyake, vibandanishe ubavu kwa ubavu, kisha vute uzi mwembamba. Uzi ukipoa ukiwa umenyooka, zapatana. Ukijikunja, zitenganishe.

Anayeanza leo namshauri aache vikombe, aanze na shanga. Wakrobo wa Ghana husaga chupa, wakamimina unga katika vikalibu vya udongo vilivyopakwa udongo mweupe, wakachomeka kijiti cha jani la muhogo katikati. Motoni kijiti huungua, tundu la uzi likabaki. Haihitaji bomba, na muhogo tunao. Shanga zangu huzifukia kwenye jivu la moto usiku kucha, na nyingi hutoka salama.

Sasa hatari. Vumbi la kioo huharibu mapafu, kwa hivyo saga kikiwa na maji na uvae barakoa nzuri. Vaa miwani ya kinga, viatu vilivyofunika mguu na nguo za pamba. Za nailoni huyeyuka mwilini. Usijenge tanuri kwa saruji ya kawaida wala mawe ya mtoni, kwani maji yaliyomo hugeuka mvuke yakalipuka. Weka mchanga karibu, mbali na makuti na migomba mikavu. Watoto wasikaribie. Na moto wa makaa usiwashe ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake huua bila harufu.

Baada ya mwaka mmoja na nusu, vikombe vyangu vinavyopona ni kimoja kati ya vitatu. Shanga ndizo zimerudisha zile pesa za karo. Binti ana kikombe chake sasa, kimepinda vile vile, na chai hakimwagi.

Magunia matatu yamekwisha, la nne liko mlangoni. Jirani mwenye chupa za rangi moja na alete, badala ya kuzitupa mferejini. Ila asisubiri kikombe siku hiyo hiyo.