Madaktari wa Dharura Walivyopata Walimu

Katikati ya karne iliyopita, mtu aliyejeruhiwa usiku katika miji mingi ya Marekani alipokelewa hospitalini na daktari aliyetoka chuoni juzi tu, au na bingwa wa fani nyingine kabisa ambaye zamu ilikuwa imemwangukia. Chumba cha dharura hakikuwa na wenyewe. Mwaka 1961, katika mji wa Alexandria, jimbo la Virginia, Dkt. James Mills aliacha kliniki yake binafsi na, pamoja na wenzake watatu, akaifanya zamu ya dharura kuwa kazi yake yote, usiku na mchana. Miaka mitano baadaye ripoti ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ilieleza kwamba ajali ziliua Wamarekani 107,000 mwaka 1965, na kwamba huduma ya kuwaokoa majeruhi ilikuwa dhaifu mno.

Haja ya madaktari wa aina hiyo ikawa wazi. Lakini nani angewafundisha?

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Cincinnati kilimpokea Bruce Janiak, mwanafunzi wa kwanza wa ubingwa wa tiba ya dharura nchini humo. Msimamizi wa mafunzo yake, Dkt. Herbert Flessa, alikuwa bingwa wa magonjwa ya ndani. Bingwa wa dharura wa kumfundisha hakuwepo popote. Janiak alijifunza kwa kuzunguka idara moja hadi nyingine, na hapo ndipo penye ugumu wenyewe, ambao naona watu wengi hawautambui. Daktari wa upasuaji hufundisha akiwa na mgonjwa anayejulikana kuwa wa upasuaji. Daktari wa moyo naye hali kadhalika. Wa dharura hukabidhiwa mtu anayeshika kifua na kuhema, bila jina la ugonjwa, na lazima aanze kumtibu kabla hajajua kama shida ni moyo, pafu au tumbo. Maarifa hayo hayapatikani kwa kujumlisha ya idara zote.

Mabingwa wa fani kongwe hawakushawishika upesi. Mwaka 1977 bodi za ubingwa zilipiga kura na kuikataa fani hiyo; ikakubaliwa mwaka 1979, tena kwa masharti, na ikapata uhuru kamili mwaka 1989.

Tanzania ilikutana na swali lilelile. Januari 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza mafunzo ya ubingwa ya miaka mitatu. Walimu wengi wa mwanzo walitoka nje ya nchi. Walikuwa na ujuzi, ila mwalimu mgeni huondoka, na mwanafunzi anahitaji mtu wa kumsimamia usiku wa manane, mwaka hadi mwaka, anayeifahamu malaria kali na ajali ya bodaboda. Wahitimu wa kwanza walipotoka mwaka 2013, baadhi yao wakashika nafasi hiyo wenyewe.

Mikoani hali ilikuwa tofauti: hospitali nyingi hazikuwa na idara ya kumwajiri bingwa wa dharura, sembuse kumpa wanafunzi. Huko mgonjwa mahututi aliendelea kupokelewa na nesi au tabibu. Ndiyo maana kozi fupi ya huduma ya msingi ya dharura, iliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliandikwa kwa ajili ya watu hao.