Kutoka Sahani ya Santuri hadi Slaidi: Historia ya Zana za Uwasilishaji katika Homa Bay na Migori

Historia ya zana za kuwasilisha mawazo mbele ya hadhira aghalabu huandikwa kana kwamba ilianzia na kukomea Marekani. Kwa upande wa mitambo, jambo hilo lina ukweli wake. Lakini zana ya uwasilishaji hubeba lugha, na lugha hiyo husomwa na watu wa mahali fulani. Makala haya yanakusudia kuchunguza namna zana hizo zilivyofika katika eneo lililokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini, yaani kaunti za Homa Bay na Migori za leo, na hali zilimokikuta Kiswahili.

Maandishi ya hadharani yaliingia eneo hilo kwa mkono wa misheni. Waadventista wakiongozwa na A. A. Carscallen walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Mwaka 1910 ilitoka sarufi ya Dholuo aliyoitunga Carscallen, na kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza misheni ilikwisha kuwa na mtambo wake wa kuchapia. Uamuzi wa kuchapa kwa Dholuo ulikuwa na matokeo ya muda mrefu. Paul Mboya, mchungaji aliyekuja kuwa chifu wa Karachuonyo, alipotoa kitabu chake Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938, alikiandika kwa lugha hiyo hiyo. Kiswahili kiliingia kwa mlango mwingine: soko, kituo cha polisi, machimbo ya Macalder, na mpaka wa Isibania, ambako mfanyabiashara hafiki mbali ng'ambo ya Sirare bila kukijua. Kilikuwa lugha ya kusemwa zaidi kuliko ya kubandikwa ukutani.

Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio ambalo wanahistoria wa filamu hulitaja sana, na wanaisimu hulisahau. Hili ni Bantu Educational Kinema Experiment, lililokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zilizotengenezwa hapo, juu ya kilimo, afya na uwekaji wa akiba, zilichukuliwa kwa gari na kuonyeshwa katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati, Kenya ikiwa mojawapo. Mtazamo wa waanzilishi wake kuhusu akili ya Mwafrika haustahili kutetewa. Hata hivyo, ufundi wao ulikuwa na sifa moja ambayo haikupatikana tena kwa urahisi: sauti haikutiwa katika ukanda wa picha, bali katika sahani ya santuri. Picha ilibaki ile ile. Lugha ilibadilishwa kwa kubadilisha sahani.

Zana zilizofuata ziliigandisha lugha ndani ya picha. Mashine ya kumulika karatasi angavu ilitumiwa sana na jeshi la Marekani katika mafunzo wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha ikaenea katika shule na ofisi. Ni karatasi hizo ambazo Robert Gaskins alitaka kuzitengeneza kwa kompyuta alipojiunga na kampuni ya Forethought mwaka 1984. Programu aliyoibuni, na ambayo Dennis Austin aliiandika kwa sehemu kubwa, iliitwa kwanza Presenter. Ikatolewa mwezi wa Aprili 1987 kwa jina la PowerPoint, kwa ajili ya kompyuta za Macintosh tu, tena bila rangi. Mwaka huo huo Microsoft iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Toleo la Windows lilifuata mwaka 1990.

Nyanza Kusini haikuwa tayari kuipokea, na sababu ya kwanza ilikuwa umeme. Kituo kidogo cha Gogo kwenye Mto Kuja, chenye uwezo wa megawati 2, kilijengwa kwa ajili ya machimbo ya Macalder, wala si kwa shule. Vyuo vikuu navyo vilichelewa. Rongo kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Moi na kupata hati yake mwaka 2016. Tom Mboya, mjini Homa Bay, kilianza mwaka 2016 chini ya Maseno na kupata hati mwaka 2022. Katika shule za msingi, ni mpango wa serikali wa vifaa vya kidijitali ulioanza kutekelezwa mwaka 2016 ulioleta projekta pamoja na tabuleti za wanafunzi.

Kiswahili, kwa upande wake, kilikuwa kimetangulia. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 kilikuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na kwa hiyo kizazi kizima cha Homa Bay na Migori kilikuwa na Kiswahili cha kuandika. Programu nazo zilitafsiriwa. Mwezi wa Disemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na IT+46 ya Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, iliyokuwa na programu ya mawasilisho ndani yake. Microsoft nayo ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya programu zake za ofisi. Wafasiri hao walifanya kazi ya kusifiwa. Lakini walichotafsiri ni amri za mashine. Umbo la maandishi yenyewe, yaani kichwa kimoja na vitone chini yake, lilibaki kama lilivyotoka Marekani.

Umbo hilo lina hasara hata huko lilikotoka. Mwaka 2003 tume iliyochunguza ajali ya chombo cha anga cha Columbia ililaumu waziwazi tabia ya wahandisi kuweka hoja nzito katika slaidi badala ya ripoti kamili. Katika Kiswahili hasara hiyo ina sura yake, nayo ni ya kisarufi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda na njeo katika viambishi vyake. Kitone cha slaidi huvikata vyote viwili. "Serikali ya kaunti itajenga zahanati" hugeuka kuwa "Kujenga zahanati", au "Ujenzi wa zahanati". Nani atajenga? Lini? Sarufi haisemi tena. Ni mtindo mwepesi mno kwa mwenye ahadi asiyependa kudaiwa.

Jambo hili lilipata uzito baada ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza; tena inadai wananchi washirikishwe katika mambo ya serikali, bajeti ikiwa mojawapo. Slaidi ya Kiingereza inapomulikwa mbele ya wanakijiji wa Kehancha au Mbita, hapana budi mtu asimame aifasiri kwa Kiswahili, Kikuria au Dholuo. Mtu huyo anatenda kwa kinywa kazi iliyotendwa na sahani ya Notcutt, ila kwa tofauti moja: sahani ilikuwa na sentensi kamili. Yeye amepewa vitone. Akisema "tutajenga", "watajenga" au "ingejengwa", kiambishi hicho amekichagua yeye, palepale, na ndicho wasikilizaji watakachorudi nacho nyumbani.