Tangawizi haina mbegu

Leo tuziache siasa kidogo tuzungumzie kitu kilichopo jikoni kwako. Nenda sokoni, iwe Kariakoo au Marikiti, ununue tangawizi. Chagua kipande kinene, kisichosinyaa, chenye vijicho vilivyotuna. Kiloweke usiku kucha, maana nyingine za dukani huwekwa dawa ya kuzuia zisichipue. Kikate vipande vyenye jicho moja au mawili, viache siku mbili ukatano ukauke, kisha vifukie juujuu kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, yenye udongo tifutifu na samadi. Weka penye kivuli chepesi, maji yasituame. Baada ya miezi minane hadi kumi, majani yakigeuka manjano, chimba. Hata mwenye chumba kimoja ghorofa ya nne anaweza.

Sasa jiulize: mbona duka la pembejeo lina mbegu za nyanya, za mchicha, za bamia, lakini hakuna pakiti ya mbegu za tangawizi?

Jibu ni kwamba mmea huu karibu hauzai mbegu kabisa. Huchanua mara chache, na chavua yake kwa kawaida ni tasa. Tena wataalamu wa mimea hawajaipata tangawizi hii ya porini. Ipo pale tu ambapo mtu ameipanda. Kwa hiyo tangawizi unayotwanga kwa ajili ya chai ni kipande cha kipande cha kipande, mpaka huko Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki ilikoanzia, maelfu ya miaka iliyopita. Msimu baada ya msimu, kuna mtu aliyekataa kuila yote.

Historia tuliyosomeshwa ya viungo ni ya majahazi, wafalme na Vasco da Gama. Mkulima hayumo. Lakini tangawizi inatulazimisha kumtafuta, kwa sababu bila yeye ingekuwa imeshatoweka.

Angalia Warumi. Katika karne ya kwanza, Pliny aliandika kwamba ratili moja ya tangawizi iliuzwa dinari sita, wakati pilipili manga ilikuwa dinari nne. Akasema inalimwa Arabia na ng'ambo ya pili ya Bahari ya Shamu, upande wetu wa Afrika. Asili yake ilikuwa mbali zaidi, mashariki, lakini Warumi waliijua kupitia njia iliyopita. Na hapa kuna jambo la kibiashara: tangawizi iliyokaushwa haichipui. Mfanyabiashara angeweza kukuuzia magunia na magunia ya tangawizi kavu, na wewe usiweze kupanda hata mche mmoja. Ukitaka kuilima ni lazima upate kipande kibichi, na mtu wa kukitunza kikiwa hai njiani.

Karne ya 16 Wahispania walikivusha kipande hicho mpaka ng'ambo ya Atlantiki. Tangawizi ikakubali vizuri sana visiwa vya Karibi. Padri José de Acosta aliandika kwamba mwaka 1587 meli zilipeleka Hispania zaidi ya kwintali 22,000 kutoka huko, yaani takriban tani elfu moja. Nani walilima? Sisi tunajua habari za watumwa wa Kiafrika na miwa. Lakini katika sensa ya mwaka 1606 ya kisiwa cha Hispaniola, ambako leo ni Haiti na Jamhuri ya Dominika, watumwa waliokuwa kwenye mashamba ya tangawizi, muhogo na mahindi walikuwa wengi kuliko wale wa viwanda vya sukari. Waafrika walikata vipande, wakavifukia, wakavichimba, halafu vitabu vikaandika majina ya manahodha.

Ndugu zangu, haya si ya kale tu. Mmea unaopandwa kwa vipande hubeba na magonjwa yake. Jicho likitoka kwenye shina lenye mnyauko, shamba jipya nalo litanyauka. Mwaka 2023 wakulima wa kusini mwa jimbo la Kaduna, Nigeria, ambayo ni moja ya nchi zinazozalisha tangawizi kwa wingi duniani, waliona mashamba yakikauka kwa ugonjwa ndani ya msimu mmoja. Mkulima wa mahindi akikosa mavuno anaweza kwenda kununua mbegu. Kwa mkulima wa tangawizi, mavuno ndiyo mbegu yenyewe. Vikioza, amepoteza pesa ya mwaka huu na shamba la mwaka ujao kwa pigo moja.

Nasi tunao wakulima wa namna hiyo. Milimani Same, kule Mamba Miamba, tangawizi ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Tunapozungumzia kilimo mijini tunapenda kutaja trekta na masoko ya nje. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: mkulima huyu atapata wapi kipande kisafi cha kupanda? Nchi inayotaka tangawizi inahitaji mashamba ya kuzalisha vipande visivyo na ugonjwa, na bwana shamba anayefika mlimani kabla ya majani kunyauka.

Wewe wa ndoo nawe una sehemu yako. Shina likinyauka ghafla likiwa bado la kijani, ling'oe na udongo wake uutupe, usigawie jirani. Lakini likistawi, ukichimba usimalize. Bakiza kipande kimoja chenye jicho, ukirudishe ardhini. Hivyo ndivyo ilivyofika kwetu.