Majina ya Watoro wa Rabai

Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alipofariki Februari 2025, Wakenya walimlilia kwa sauti yake na kwa kipindi cha “Je, Huu ni Ungwana?”. Alizaliwa Frere Town, Kisauni, katika ukoo wa watumwa walioachwa huru. Baba yake, James Juma Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka 1934. Ukoo huo ulijaliwa mwandishi. Koo nyingine za Frere Town na Rabai zinategemea madaftari ya kanisa kujua asili yao.

Serikalini wazao wao hawatapata mengi. Usajili wa vizazi na vifo ulianza 1904 kwa ajili ya Wazungu, sheria nyingine ikaja 1928, lakini usajili wa lazima ulienea nchi nzima mwaka 1971 tu. Anayemtafuta babu wa babu yake hana budi kumwendea kasisi na kuomba rejista za ubatizo, ndoa na maziko.

Mmishenari Krapf alifika Rabai, karibu na Mombasa, 1846. Frere Town ilianzishwa 1875 kuwapokea watumwa waliookolewa na manowari za Waingereza. Hayo yanafahamika. Kisa cha watumwa watoro ndicho kinachostahili kusimuliwa zaidi.

Kituo cha Rabai kilikuwa mikononi mwa William Jones, Mwafrika aliyetekwa utotoni na kulelewa India. Wakuu wa misheni hawakutaka watumwa waliotoroka wapokewe, kwa kuchelea ugomvi na mabwana wa Mombasa. Jones aliwapokea. Walilima, wakajenga, wakaoana, wakabatizwa. Mwaka 1888 mabwana walichachamaa wakitaka watu wao. Wakati huohuo George Mackenzie alikuwa ametua Mombasa kuiongoza Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na hakutaka kuanza kazi kwa vita.

Watu wakahesabiwa Rabai na katika vituo vingine vya misheni. Walipatikana watoro zaidi ya 1,400. Mackenzie akakubaliana na mabwana walipwe dola 25 kwa kila mmoja, fedha zikachangwa na kampuni, serikali ya Uingereza na marafiki wa misheni. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikagawiwa Rabai.

Simulizi inayonukuliwa sana ni ya mmishenari William Salter Price, iliyochapishwa 1890, na humo Mackenzie anang'aa. Kwangu mimi shujaa ni Jones. Asingefungua mlango miaka ile, Rabai pasingekuwa na mtu wa kukombolewa wala jina la kuandikwa.

Hata hivyo, majina yenyewe yanamsumbua mtafutaji. Mtu alitekwa na jina la kwao, akapewa jingine utumwani, kisha jingine la Kizungu kwenye ubatizo. Rejista inashika hilo la mwisho. Mtoto aliyetekwa angali mdogo hakuwa na mzazi wa kumtaja wala kijiji cha kukionyesha. Ndiyo maana wazee waulizwe kwanza, kabla ya karatasi: jina la kwao likibaki popote, litakuwa limebaki vinywani.

Barua na ripoti za wamishenari wa Rabai na Frere Town nazo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Inauma kwamba mjukuu wa mtoro wa Rabai ahitaji viza ili asome habari za babu yake. Nakala za karatasi hizo ziwekwe Mombasa, na rejista zilizomo makanisani zipigwe picha, ukurasa kwa ukurasa, kabla mchwa na chumvi ya pwani havijazimaliza.