Urafiki na Usaliti katika Riwaya ya A Grain of Wheat

Wahakiki walioijadili riwaya hii ya Ngugi wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1967, wamezoea kumfanya Mugo kuwa kielelezo cha rafiki msaliti. Neno "rafiki" hapo lina walakini. Kihika alimwingilia Mugo usiku kibandani mwake, baada ya kumuua Robson, akamtwisha kazi ya siri asiyoiomba. Mugo alimtaja kwa Thompson mtu aliyemwogopa, wala si mtu aliyempenda.

Usaliti wa urafiki hasa tuutafute kwa Karanja. Yeye na Gikonyo walikuwa vijana wa rika moja, wakashindana mbio kwenda stesheni ya Rung'ei, wakampenda msichana mmoja, Mumbi. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, urafiki wa namna hiyo ulitiwa katika mizani ya serikali: Gikonyo alipelekwa kizuizini, Karanja akawa homgadi, kisha chifu. Mumbi alimzalia Karanja mtoto, na mimba aliishika siku ile ile Karanja alipomletea habari kwamba mumewe atarudi. Lakini Gikonyo naye alikwisha kukiri kiapo kwa uchu wa kurudi nyumbani, jambo ambalo wahakiki hulipita mbio mbio.

Wapiganaji waliotoka msituni walimshuku Karanja kwa kifo cha Kihika, na Mugo wakamwandalia jukwaa la shujaa. Siku ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, Mugo alisimama mbele ya umati akajitaja mwenyewe, na Karanja, msaliti wa marafiki zake, akaondoka hai.